Nilikwenda Kumtunza Mwimbaji

Kaskazini mwa Uingereza,
Jumapili, baada ya sala ya Alasiri.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naisikia tangu sasa ile marahaba yako ndefu, unayoivuta hadi aliyekuamkia aone amepata radhi kamili, nami leo naihitaji kuliko siku zote. Goti lako lina hali gani? Bado wasali kitini, au dawa ya kuchua imesaidia? Baba naye, kikohozi chake cha vumbi la ghalani kimetulia? Na maji ya mfereji yamerudi hapo Bofu, au mngali mwamngoja mwenye mkokoteni? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu kwenye simu wanijibu siku zote, "Sisi wazima, wewe je?" Jibu hilo, Mama, si habari. Ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Msichana mwembamba aliyekukabidhi bahasha hii, ambaye bila shaka ameshakuchekesha kabla hajaketi, ni Njeri, rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja. Kwao ni Nakuru. Amekuja likizo, na amepanda treni hadi Mombasa kwa ajili ya barua hii peke yake, basi mpe chai ya tangawizi na usikicheke Kiswahili chake mbele yake. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yako ni baraza. Nikipiga waiweka spika, na kabla sijamaliza salamu nimesikiwa na shangazi, na jirani, na muuza samaki aliyepita mlangoni. Haya ninayokueleza leo nataka uyapate wewe kwanza, peke yako, umekaa.

Mimi ni mzima wa mwili. Ila nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Asubuhi ni darasani. Alasiri hadi magharibi ni jikoni, katika nyumba moja wanakotunzwa wazee, ambako naosha masufuria makubwa kuliko yale ya kukodi ya harusi. Wazee wa huku hula chajio jua likiwa utosini, kisha hulazwa. Yupo ajuza mmoja aniitaye kila siku kwa jina la binti yake, nami humwitikia "abee," naye hutulia. Sijui binti mwenyewe yuko wapi. Sikuuliza. Mimi, Saumu wako, niliyekuwa nikiuliza kila jambo hadi walimu wakanikimbia, nimefika mahali siulizi.

Unakumbuka siku ya kuniaga, ulivyonishika mikono yote miwili mbele ya watu, ukaniambia, "Mara hii waenda kusoma, Saumu. Huendi kugomba." Ulikuwa na haki. Ndiwe uliyekuja kunichukua Nairobi mwaka ule niliposimamishwa masomo kwa kupanda juu ya meza ya bwalo na kuuhutubia umati wa wanafunzi hadi askari wakaja na mabomu yao ya machozi. Ndiwe uliyeuza masanduku yako ya kale ili nianze upya. Nikakuahidi. Nimekaa huku miaka miwili, nimebakiza mmoja, na wallahi katika miaka hiyo miwili sijapanda juu ya meza yoyote. Nimeona mambo ambayo zamani yangenifanya nichane koo, nikainama nikaosha sufuria. Nakwambia hili mwanzoni ili ujue kwamba yaliyonifika hayakutoka katika ule mdomo wangu uliouogopa. Yalitoka kwingine kabisa. Kwa namna fulani yalitoka kwako.

Wahunzi unawakumbuka. Ndivyo nilivyoiita kwa Kiswahili ile bendi ya magitaa ambayo Mjomba Salim alitujia na diski zake enzi za ubaharia wake. Nilikuwa nikizipiga chumbani kwetu mchana kutwa, nawe ukipita ukumbini na ufagio ukisema, "Hawa waimba, au wavunja mabati?" Baba akasema ni mabati. Hata hivyo nyimbo zile ndizo zilizonifundisha kwamba hasira yaweza kuwa na mpangilio. Kwamba mtu aweza kupiga kelele na bado akawa anasema jambo. Siku za maandamano Nairobi, nyimbo hizo ndizo tulizozitanguliza kwenye vipaza sauti. Niliwapenda Wahunzi kama watu wapendavyo timu za mpira, bila kutarajia kuwaona kwa macho.

Basi mwezi uliopita ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapa chuoni ilipata tiketi za bure za tamasha lao, katika uwanja mkubwa wa mpira wa mji huu, ikafanya bahati nasibu. Jina langu likatoka, na la Njeri. Mama, nililia. Nililia mbele ya karani, nikiwa na harufu ya sabuni ya sufuria mikononi.

Tulikwenda siku hiyo saa kumi na moja. Usinifikirie nikizurura gizani: jua la huku mwezi huu hukataa kutua, na saa tatu usiku wake ni kama alasiri yetu. Nilisali nyuma ya kibanda cha viazi, juu ya koti la Njeri, naye akasimama kunizibia watu wasinikanyage. Kisha tukaingia. Uwanja ule wote ulikuwa umejaa vichwa, vijana kwa wazee, na wengine wana mvi kama za Baba nao wamevaa fulana nyeusi. Wenye tiketi za chuo tulitengewa kizimba chetu mbele kabisa, kando ya ile sehemu ya jukwaa inayochomoza kama ulimi hadi katikati ya watu.

"Manze Saumu," Njeri akasema, "hapa tuko karibu mpaka tutatemewa mate na msanii mwenyewe!"

"Nitayapokea kwa mikono miwili," nikamwambia.

"Ngoja nimwambie mamako."

Sitakuchosha na nyimbo za mwanzo. Ngoma zao si za kusikia kwa sikio. Zinakupiga kifuani, na nyama yote ya mwili inaitika. Niliruka hadi miguu ikafa ganzi. Kwa muda ule mfupi sikuwa mwosha masufuria wala mgeni wa mtu. Nilikuwa mimi.

Kisha wakatuliza. Mwimbaji wao, mzee wa makamo aliyekonda, mwenye sauti ya kukwaruza, akaja peke yake na gitaa hadi ncha ya ule ulimi, akaketi kwenye kibao, hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Akaimba wimbo mpya ambao sikuwahi kuusikia. Ni habari ya mama anayekwenda kila adhuhuri langoni mwa kiwanda na chakula amekifunga katika kitambaa. Kiwanda kimefungwa, mashine zimeuzwa, lakini hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Naye anakwenda. Hamwulizi mtu, halalamiki. Anaweka chakula chini, anangoja king'ora.

Mama, unajua nilichokiona. Nilikuona wewe, kule Changamwe, langoni mwa kile kiwanda, umeketi juu ya ndoo iliyofunikwa gunia, mahamri ya kuuza kwenye beseni, mbaazi kwenye sufuria uliyoizungushia leso ili zisipoe. Na yule mlinzi aliyekuwa akikusogeza kila siku hatua tatu nyuma, kama kwamba hatua tatu zile ndizo zilizokuwa zikikiharibia kiwanda sura. Nilikuwa na umri wa miaka minane, nikishika mwamvuli. Na huyu mtu ambaye hakuwahi kufika Changamwe alikuwa akiyasema, tena kwa taratibu, kwa heshima, bila kumhurumia mama wa watu hata kidogo.

Ningefanya nini? Wewe ungefanya nini? Wimbo ukikuchoma kwenye harusi hukai kitini. Waondoka. Nimekuona mara ngapi, Mama, kule Mjambere, na nyumbani kwetu Bofu, maneno ya mwimbaji yakigonga pale pako, ukainuka polepole kana kwamba mtu amekuita, noti imebanwa kati ya vidole viwili juu ya kichwa, mabega yakienda na mdundo, macho umeyafumba nusu, na wanawake wakikupisha njia huku wakipiga vigelegele? Hukimbii. Wamfikia, wamzunguka mara moja, wamtunza kwa noti ile, warudi. Na kila mtu ameelewa kuwa umesema jambo, na kwamba jambo lenyewe lamhusu mtu.

Niliondoka. Sikufikiri, Mama, na hilo nimelirudia mbele ya kila aliyeniuliza: sikufikiri, lakini nilikuwa na akili zangu. Nilitoa noti mfukoni, nikainua mkono, nikapita chini ya kamba ya kizimba. Palikuwa na ngazi fupi ya mafundi kando ya ule ulimi, na aliyekuwa akiilinda amegeuka kutazama upande mwingine. Nikapanda nikicheza. Kwa mwendo wako. Nilikuwa nakwenda kumtunza kwa jina lako.

Njeri anasema aliniita mara tatu. Sikumsikia.

Mwimbaji aliinua macho, akaniona nimeshafika. Mama, nimewahi kupigwa rungu, nimewahi kuburutwa kwa nywele, lakini sijawahi kuogopwa. Uso wa mtu yule ulinyauka. Aliruka kutoka kwenye kibao, akarudi kinyumenyume, mguu ukanasa katika nyaya, akaanguka na gitaa chini yake. Nikasikia shingo ya gitaa ikivunjika katika vipaza sauti vya uwanja mzima. Kisha nikaangushwa mimi, na wanaume wawili au watatu, sijui, goti la mmoja mgongoni mwangu.

"Una nini mkononi?" mmoja alipiga kelele. "Fungua mkono!"

Nikafungua. Noti ikapeperuka.

Waliniuliza nilikuwa nakwenda kumfanya nini. Mimi, ambaye Kiingereza nimekisoma tangu chekechea, niliwajibu kwa Kiswahili. "Namtunza," nikasema. "Namtunza tu." Nikalirudia neno lile kama mtoto aliyepotea sokoni anavyolirudia jina la mama yake. Huku uwanja ukinizomea. Hasira ya umati naijua, Mama. Nimewahi kuiwasha kwa mikono yangu. Sikuwahi kuwa mbele yake.

Baadaye Njeri, akiwa amekasirika kuliko nilivyomwona siku zote, alinishika bega akasema, "Niambie ukweli. Ungekuwa msichana mzungu, kichwa wazi, angeruka vile?" Zamani ningempa jibu la saa nzima. Ningesimama juu ya kitu. Nilimwambia tu, "Sijui, Njeri. Muulize yeye." Nilikuwa nimechoka hata kuwa na haki.

Mwimbaji aliteguka kiwiko. Onyesho lilisimama, kisha likaendelea kwa gitaa jingine. Nililisikia nikiwa katika chumba cha walinzi chini ya viti, kwa mbali, kama sherehe ya jirani ambayo hukualikwa. Polisi waliandika jina langu wakaniachilia. Kwa kuwa tiketi ilikuwa ya chuo, wakakipelekea chuo taarifa.

Siku ya pili yake niliitwa na ofisa wa nidhamu. Ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na ana tabia ya watu wa mji huu ya kumwita kila mtu kipenzi, hata asiyemjua. Alinimiminia chai mwenyewe. Nakwambia hivi ili usije ukamchukia. Mimi nilijaribu nikashindwa.

"Ulikuwa umekunywa kiasi gani, kipenzi?"

"Sikunywa."

"Hata bia moja?"

"Mimi ni Mwislamu."

"Wapo Waislamu wanaokunywa."

"Wapo," nikasema. "Mimi si mmoja wao."

Basi akaniambia nimweleze. Nikamweleza, Mama, kwa utulivu wote niliojaliwa. Nikamwambia kwamba kwetu pwani mwimbaji akikugusa moyo, humwachi akaimba kama aimbiaye ukuta. Waenda ukamtunza, na kumtunza ndiko kumwambia: umesema kweli, na kweli yenyewe naijua mwenyewe. Nikamwambia habari zako, na za lango la kiwanda. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Yaani mnamwendea akiwa anaimba?"

"Naam. Hapo hapo."

"Na yeye hashtuki?"

"Hushtuka asipoendewa."

Akacheka, kisha akavua miwani. "Nakuamini," akasema. "Na hilo ndilo tatizo."

Ndipo akanieleza sheria zao, nami nakueleza kama alivyonieleza, maana ndizo zinazonirudisha nyumbani. Mwanafunzi akifanya fujo kwa ulevi, na ni mara yake ya kwanza, hupewa onyo la maandishi, akaendelea na masomo yake. Huku ulevi ni kama homa: humpata kila mtu, na humwondokea. Lakini mwanafunzi akimvamia mtu jukwaani akiwa na akili timamu, hilo ni kuhatarisha usalama kwa makusudi, na adhabu yake ni kusimamishwa mwaka mzima. Nikisimamishwa, ufadhili wangu unakatika. Ufadhili ukikatika, ruhusa yangu ya kukaa nchini inakwisha.

Akanisogezea karatasi moja. Ilikuwa imeshachapwa. Ilisema kwamba mimi, Saumu, siku ile nilikuwa nimelewa, na kwamba najuta.

"Weka sahihi hapa tu," akasema, kwa upole wa mtu anayemvusha kipofu barabara. "Nitaifungia kabatini. Haitumwi kwenu. Hakuna mtu wa kwenu atakayeisoma, kipenzi, nakuapia. Una hadi Ijumaa."

Mama, ningependa ujue kwamba sikuikataa pale pale. Ningependa kukuandikia kwamba nilisimama nikaichana. Niliichukua, nikaikunja, nikaondoka nayo.

Siku tatu niliizunguka karatasi ile. Ilikuwa juu ya meza yetu, nami nikipika, nikifua, nikisoma, iko pale. Njeri hakunipa pumzi.

"Weka sahihi, Saumu. Ni karatasi tu. Nani wa kwenu Likoni atakuja kufungua kabati Uingereza?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Sasa hakuna. Ndiyo maana siwezi kulala."

"Wewe ulimwahidi mamako digrii. Hukumwahidi ushujaa." Akaanza kulia, yeye asiyelia. "Mimi nikiambiwa niseme nilikuwa mlevi, nitasema nilikuwa mlevi, nilitapika, na nikaiba kuku. Nipewe digrii yangu niende nyumbani."

Na alikuwa na hoja, Mama. Nilizipima hoja zake kama nilivyofunzwa kupima hoja, na kila nilipopima zilishinda. Mwaka mmoja tu. Masanduku yako. Baba kusukuma mizigo ghalani na kikohozi kile. Jumatano ulinipigia, ukanisimulia harusi ya binti wa jirani, ukasema mwimbaji alikuwa hodari lakini goti lilikukataza kuinuka kwenda kumtunza, ukamtuma Rehema kwa niaba yako. Kisha ukaniuliza, "Mbona wanyamaa?" Nikasema mtandao ni mbaya. Ule uongo mdogo tu ulinikaa kooni hadi asubuhi, nami nikajiuliza: huu mkubwa nitaumezaje?

Nataka unielewe vizuri, kwa sababu watu watasema Saumu amefanya mambo yake. Sikukataa ili nipigane na chuo. Kosa langu lipo, nami nalijua: nilipeleka desturi ya nyumbani pasipo na mtu wa kuitambua, na mtu asiye na hatia akaumia kiwiko. Kwa hilo niliandika barua ya kuomba radhi kwa mkono wangu, kurasa mbili, nikampelekea mwimbaji kupitia kwa watu wake. Sijui kama aliisoma. Barua ile niliitia sahihi bila kusita. Lakini karatasi ya kabatini ilikuwa inataka kitu kingine. Ilikuwa inataka lile jambo, lililonitoka kwa sababu wewe ulikaa juu ya ndoo miaka kumi na mmoja bila kulalamika, liandikwe kuwa la pombe. Ilikuwa inataka mwendo wako uitwe kuyumba. Je, ni sawa mtu aandike hivyo juu ya mama yake, hata pasipokuwa na msomaji? Ningemaliza masomo, ningerudi na joho na picha, ungepokea wageni wiki nzima. Na kila ambapo ungeinuka kwenda kumtunza mwimbaji, mimi ningekaa kitini mwangu nikijua nimekusingizia.

Uliniambia nisigombe. Nimeshika. Sikupaza sauti. Ijumaa nilikwenda ofisini kwake saa nane, nikamwekea karatasi mezani. Pale pa sahihi nilikuwa nimeandika mstari mmoja: Sikulewa, nilikwenda kumtunza mwimbaji kwa jina la mama yangu. Aliusoma, akaniomba nifikiri tena. Nikamwambia nimefikiri siku tatu na sina fikra nyingine iliyobaki. Akauliza kama yupo wa kunipokea nitakakokwenda. Nikamwambia wapo.

Nimewahi kukataa mambo mbele ya umati, Mama, na kila "hapana" yangu ikapigiwa makofi hadi nikaiona tamu. Hii niliisema mbele ya mwanamke mmoja na mashine ya kuchapia. Hakuna aliyepiga makofi. Nilipotoka nje mvua ilikuwa inanyesha na nikachelewa kazini, nikaosha masufuria kama kawaida. Jibu la wafadhili lilikuja baada ya siku nne, maneno machache yenye adabu. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Chuo kinasema naweza kuomba tena mwakani. Bila mfadhili, hayo ni maneno ya kuagana tu, nami sitaki uyashike kama tumaini.

Basi narudi. Bila digrii. Nitatua asubuhi ya Jumanne ya mwisho wa mwezi, na nitakuja mwenyewe. Baba asiombe ruhusa kazini. Nitatafuta kufundisha, Likoni au Kisauni, shule yoyote itakayonichukua na masomo yangu ya nusu, na nisipopata nitaingia kiwandani kama wengine. Nguvu ninazo. Kidogo, lakini ninazo. Sikuombi useme nimefanya vyema. Huenda nimekosea, na wewe ndiwe uliyelipia haki yangu ya kukosea. Ninachokuomba ni kimoja: watu wakikuuliza, usiseme likizo, wala usiseme naumwa. Sema binti yangu amesimamishwa chuo kwa kukataa kuitwa mlevi. Atakayecheka, mwache acheke.

Nisalimie Rehema mdogo wangu, na umwambie mitihani yake asiikhofu kwa ajili yangu. Nisalimie kaka Athmani huko machimboni Mwakirunge. Kofia ya sufu aliyoniagiza ninayo, ingawa sijui ataivaa wapi kwenye vumbi na jua lile. Shangazi Mwanamkuu wa nyumba ya nyuma, aliyenisuka kila Ijumaa hadi nilipovunja ungo, mpe mkono wangu. Mjomba Salim, mwenye diski zake, mwambie nimewaona Wahunzi kwa macho, na kwamba wanaimba kuliko alivyotuambia.

Baba akirudi kazini mwache aoge na ale kwanza. Kisha msomee barua hii yote, Mama, bila kuruka pahali; hata pale niliposema nilicheza mbele ya watu, hata pale pa goti la mwanamume mgongoni. Atakasirika. Mwache akasirike hadi mwisho wa ukurasa. Ninajua atakuuliza swali moja tu, nami namjibu hapa, kwa mkono wangu, katika karatasi ninayokubali kuitia sahihi.

Nilikuwa na akili zangu timamu.

Binti yenu,
Saumu.